Reli ya Mombasa: viwanda vya Uingereza au maji ya Nili?

MwalimuKisauni

Asalaam aleikum nduzangu. Natayarisha vipindi vya Mapinduzi ya Viwanda na ubeberu, na pana mahali pananikwaza. Maelezo yanayokaririwa ni haya: Uingereza ilipata viwanda, viwanda vikataka malighafi na soko, basi wakaja huku wakajenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwanafunzi akiandika hivyo anapata alama zake. Lakini ukimuuliza ni malighafi gani iliyokuwa ikingoja treni kule Kisumu mwaka 1901, hana la kusema. Pamba ya Uganda ilikuwa haijaanza kulimwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, mashamba ya kahawa ya walowezi hayakuwapo, na pembe za ndovu zilikuwa zikishuka pwani mabegani mwa wapagazi miaka nenda miaka rudi.

Je, reli hii ililetwa na viwanda kweli, ama ni siasa za Mto Nili kama wengine wasemavyo? Na kama ni Nili, viwanda vinaingilia wapi? Naomba maelezo yenye miaka na vitu vya kushika. "Sababu za kiuchumi, kisiasa na kijamii" nimezichoka.

Shamsi_Kuze

Wa aleikum salaam Mwalimu. Yote mawili yamo, ila viwanda havikupitia mlango unaotajwa vitabuni. Ukitaka kuviona, ifuate pamba.

Viwanda vilifika pwani hii zaidi ya miaka 60 kabla ya reli, na walioongoza hawakuwa watu wa Manchester. Septemba 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani ulioweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zao. Mwaka 1837, mwaka uleule aliowashinda Mazrui hapa Mombasa, balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, alianza kazi Unguja. Kilichokuwa kikishushwa kutoka meli za Salem ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, merikani, kilichofumwa kwa mitambo ya Massachusetts. Jora moja lilikuwa yadi 30. Ukikata yadi 2 unapata shuka, yadi 4 unapata doti, na kwa vipimo hivyo ndivyo ilivyohesabiwa posho ya wapagazi, hongo ya njiani na bei ya pembe mpaka Maziwa Makuu. Wafumi wa Mogadishu, ambao nguo zao zilivaliwa pwani nzima, walibanwa na kitambaa hiki wakati hakuna mzungu hata mmoja aliyetawala kisiwa cha Mvita.

Angalia na kilichorudi melini. Sandarusi, utomvu mgumu wa mti, ilikwenda Salem kusafishwa, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Pembe zilikwenda Connecticut, zikakatwa vitana na vibao vya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake chini ya msumeno. Kwa hiyo soko lilikuwapo, malighafi ilikuwapo, na koloni halikuhitajika. Hapo maelezo ya kukariri yanakwama: yanachukulia kwamba kiwanda kikitaka kitu lazima bendera itangulie.

Kilichovuruga mambo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Majimbo ya kusini yalizingirwa na manowari, pamba yao ikakwama bandarini, na mambo mawili yakatokea kwa pamoja.

La kwanza lilitugusa huku. Merikani iliadimika, nafasi yake ikajazwa na vitambaa vya Kiingereza, kisha vya Mumbai, ambako kinu cha kwanza cha kusokota pamba kwa mvuke kilianzishwa katika miaka ya 1850. Wafanyabiashara wa Salem walirudi baada ya vita, lakini ukubwa wao wa zamani haukurudi.

La pili ndilo la reli yako. Vinu vya nguo vya Lancashire, kule Uingereza, vilikimbilia pamba ya Misri. Bei ilipaa, na mtawala wa Misri, Khedive Ismail, akakopa Ulaya kwa matumaini kwamba bei ingekaa juu: mifereji, reli, majumba, na gharama za Mfereji wa Suez uliofunguliwa 17 Novemba 1869. Pamba ya Marekani iliporudi sokoni bei ikaanguka, madeni yakabaki palepale. Mwaka 1875 aliuza hisa zake za Mfereji kwa serikali ya Uingereza kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka 1876 Misri ilishindwa kulipa, na wadai wa Ulaya wakakalia hazina yake. Maafisa wa jeshi wakiongozwa na Ahmad Urabi waliinuka kupinga hali hiyo, na hayo ni mapinduzi ambayo mtaala wetu unayapita mbio mno. Mwaka 1882 Waingereza waliupiga mizinga mji wa Aleksandria, wakamshinda Urabi pale Tel el-Kebir mwezi wa Septemba, wakabaki.

Ukishaikalia Misri, umeukalia mto. Pamba ile inanyweshwa na Nili, na Nili Nyeupe inatoka Ziwa Viktoria. Ndipo London ikaanza kuogopa dola nyingine isije ikatua Uganda. Mkataba wa 1 Julai 1890 na Ujerumani, ule wa Heligoland, uliwaachia Waingereza Uganda na Unguja. Himaya ya Uganda ilitangazwa 1894, ya Afrika Mashariki 1 Julai 1895, na reli ikafuata. Wafaransa walifika Fashoda, kwenye Nili kule Sudan, kweli Julai 1898, wakati reli ilikuwa bado haijafika Nairobi. Kama mbio, ilichelewa.

Kwa hiyo viwanda vimo ndani ya jibu, tena kwa nguvu, ila ni kwa njia ya deni la Misri. Hakuna mtu Lancashire aliyekuwa akiingoja pamba ya Kisumu.

Taruma50

Sheikh Shamsi amemaliza upande wa siasa. Mimi naongeza chuma, maana wanafunzi wanaelewa ubeberu vizuri zaidi wakipewa hesabu waifanye wenyewe.

Njia ilikuwa karibu maili 580 kutoka Mombasa hadi Port Florence, ndiyo Kisumu. Reli zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, kila kipande futi 30, yaani yadi 10. Kipande kimoja basi ni ratili 500, karibu kilo 227: mtu mmoja hakigusi, panahitajika kikosi. Maili moja ina futi 5,280 na pande mbili, ugawe kwa 30: vipande 352. Zidisha kwa 580, unakaribia 204,000. Kwa uzito ni zaidi ya tani 46,000 za reli tupu. Ongeza mataruma ya chuma, yaani vipande vya kulazia reli, kama 2,000 kwa maili, zaidi ya milioni moja, na kila taruma na kabari zake nne za kubana reli. Chuma hicho kilifika kwa bahari. Wanafunzi wakishapata hesabu hii waulize ni nani aliyefaidika kabla treni haijabeba hata gunia moja: watengenezaji wa chuma na wenye meli. Hapo ndipo viwanda vya Uingereza vinapoonekana waziwazi, kama muuzaji kwa serikali yake yenyewe.

Kwa nini mataruma ya chuma? Mchwa. Mbao laini isiyotiwa dawa isingedumu.

Kwa nini upana wa mita moja? Kwa sababu India ilikuwa na mtandao mkubwa wa upana huo, na huko ndiko walikotoka mafundi, vibarua na sehemu ya vichwa vya treni vilivyokwisha tumika. Kulikuwa na hoja ya kutumia futi 3 na inchi 6 ili ifanane na ya Sudan, lakini kilichokuwa tayari mkononi kilishinda. Uamuzi huo ulidumu: treni ya SGR iliyoanza 2017 ina milimita 1,435, kwa hivyo behewa la njia kongwe haliwezi kupita juu yake.

Mambo yalikwamia hapa. George Whitehouse, mhandisi mkuu, alifika Desemba 1895 na kazi ikaanza 1896. Mvua kubwa zikalainisha matuta ya udongo, tauni ikazuka India na upakiaji wa vibarua Karachi ukasimamishwa kwa muda. Baada ya Mazeras pakaja nyika ya Taru: hakuna maji, na boila ya treni inakunywa kuliko kikosi cha watu. Maji ilibidi yabebwe kwa treni kutoka nyuma, kwa hiyo sehemu ya mabehewa ilikuwa ikijibebea uhai wake badala ya kubeba reli. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Mwisho wa 1897 njia ilikuwa imefika Voi tu, kama maili 100. Baada ya Tsavo mambo yakaenda kasi: Nairobi 30 Mei 1899, kama maili 327. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hawakungoja madaraja. Walishusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko wa muda ili kichwa cha njia kiendelee mbele. Ziwani walifika Desemba 1901.

Simba wa Tsavo wa 1898 wapewe sentensi moja, Mwalimu. Vibarua wa Kihindi walioletwa walikuwa karibu 32,000 na waliokufa karibu 2,500, wengi mno kwa maradhi. Gawa kwa maili 580: zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Hiyo ndiyo hesabu ya kuandika ubaoni.

MwalimuKisauni

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Hii hesabu ya vipande nitaifanyisha darasani kesho. Lakini kuna nadharia ya mitaji: kwamba matajiri wa Ulaya walijaza fedha nyumbani, faida ikapungua, wakatafuta pa kuziwekeza ng'ambo. Je, hiyo inasimama kwa reli yetu?

BintiMajengo

Mwalimu, kwa reli hii haisimami, na ushahidi uko hapahapa Mombasa.

William Mackinnon alikuwa mwenye meli za British India, ambazo barua zao zilianza kufika Unguja 1872. Alipata kibali kutoka kwa Sayyid Barghash 1887, na kampuni yake, Imperial British East Africa, ikapewa hati ya kifalme 1888, makao yake Mombasa. Kama fedha za Ulaya zilikuwa zikitafuta pa kwenda, hapa ndipo zingemiminika. Hazikumiminika. Mwaka 1890 kampuni ilianza reli yake nyembamba ya upana wa futi 2. Iliishia maili 7. Vyuma vyake vikaja kutandikwa mitaani mwa Mombasa kwa vigari vya abiria vilivyosukumwa na watu kwa mikono, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo teksi ya wakubwa kati ya Kilindini na Mji wa Kale. Mwenye mtaji alitazama bara akaona njaa ya maji, gharama na hakuna mzigo. Ndiyo sababu reli kubwa ililipwa na mlipa kodi wa Uingereza. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, na mwishowe zikatoka zaidi ya milioni 5. Labouchere na wenzake bungeni waliipiga vita kwa hoja hiyohiyo, kwamba haitabeba kitu.

Sasa naomba tulitazame kwa karibu jambo moja ambalo halisomeshwi, nalo linaniuma kila nikilifikiria. Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uingereza iliinunua 1895 kwa pauni 250,000. Fedha hizo zilitoka wapi? 50,000 zilitoka London. 200,000 zilitoka Unguja: ndizo fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa pwani yake ya kusini, iliyoichukua moja kwa moja. Kwa maneno mengine, fedha za pwani moja iliyouzwa zilitumika kuikomboa pwani nyingine kutoka kwa kampuni, halafu ile iliyokombolewa ikakodishwa kwa Waingereza. Mkataba wa Desemba 1895 uliweka pauni 11,000 kwa mwaka kama kodi ya ukanda wa maili kumi, na pauni 6,000 kama riba ya asilimia 3 ya zile 200,000. Ukisikia pauni 17,000, ujue theluthi na zaidi ya hizo ni riba ya fedha za Unguja zenyewe. Bendera nyekundu ikabaki juu ya Fort Jesus mpaka 1963.

Wala watu wa pwani hawakukaa kimya. Mwaka huohuo wa 1895 ugomvi wa urithi wa Takaungu uliwaka ukawa vita. Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Aziz bin Rashid walipigana miezi kadhaa, Waingereza wakalazimika kuleta askari kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Tazama miezi: mhandisi wa reli alifika Desemba 1895 vita vikiwa bado havijaisha. Hii ni sababu moja zaidi ya kutoifundisha reli kama mradi wa biashara tu.

Shamsi_Kuze

Bi Majengo, nakubaliana nawe kwa reli, lakini usiitupe nadharia ya mitaji moja kwa moja. Kwa Misri inasimama vizuri: waliokuwa na hati za deni la Khedive walikuwa wawekezaji hasa, na walikuwa na sauti London na Paris. Mtaji ulifanya kazi yake kule Kairo. Huku yalifika matokeo tu.

BintiMajengo

Hapo sawa, Sheikh. Nimesema kwa reli yetu.

Kilindini_Na2

Naongeza kidogo kuhusu kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo malighafi inapoingia, baada ya reli.

Njia ikiisha unabaki na deni na treni tupu. Kupeleka tani moja bara kwa wapagazi, kila mmoja na ratili 65 hivi, kulihitaji watu kama 34 na safari ya miezi mitatu. Treni ilifanya kwa siku chache, ila mzigo wa kurudi haukuwapo. Serikali ikautengeneza. Kodi ya nyumba ilianza 1901 ili watu watafute fedha taslimu. Ardhi za bara zikagawiwa walowezi kuanzia 1902 na 1903 chini ya Charles Eliot, kwa hoja ya wazi kwamba lazima reli ijilipe. Mwaka 1902 wenye vinu vya Lancashire waliunda British Cotton Growing Association kwa hofu ya kuitegemea Marekani, na mbegu za pamba zikaanza kugawiwa Uganda 1903. Pamba ikachambuliwa kwa vinu kule, ikafungwa marobota, ikashuka Kilindini. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "walijenga reli ili wapate pamba ya Uganda", amegeuza kichwa miguu.

Kwa Mombasa yenyewe, jahazi lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, basi biashara ya Bandari ya Kale ilikuwa na msimu. Meli ya moshi haingoji upepo, lakini inataka kina na makaa. Kilindini kina kina. Hata hivyo kwa miongo ya kwanza meli zilitia nanga katikati ya maji, mzigo ukashushwa kwenye matishari, mashua bapa za mizigo, na kuvutwa hadi gatini. Gati za maji marefu zilikuja miaka ya 1920. Kazi ya matishari na magunia ndiyo iliyozaa tabaka la vibarua wa mshahara hapa mjini, na ndio waliogoma Januari 1947, mgomo wa mji mzima ulioendelea karibu wiki mbili. Ukitafuta mfano wa wafanyakazi wa viwanda kama wale wa Manchester, wetu walikuwa Shimanzi na Kilindini, bila kiwanda cha nguo hata kimoja.

MwalimuKisauni

Mmenifungua macho, wallahi. Swali la mwisho la kazi: nina vipindi viwili vya dakika 40. Nianze wapi, na wanafunzi watakosea wapi?

Shamsi_Kuze

Kipindi cha kwanza wape miaka tu bila maelezo, kila mmoja kwenye karatasi: 1833, 1861, 1869, 1875, 1882, 1890, 1895, 1896, 1901, 1903. Wapange, kisha waandike chini ya kila mwaka ni nani aliyetaka nini. Kanuni moja: kitu kilichotokea baadaye hakiwezi kuwa sababu ya kilichotangulia. Kanuni hiyo peke yake inaua nusu ya majibu ya kukariri. Kipindi cha pili fanya hesabu ya Taruma50, halafu hesabu ya zile pauni 250,000.

Watakosea hapa. Watasema mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulichora mpaka wa Kenya. Haukuchora, uliweka kanuni za kudai maeneo. Mpaka wa kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, kupinda Kilimanjaro hadi upande wa ziwa, ulitoka katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na ukanda wa maili kumi wa Sultani ulitambuliwa hapohapo. Watachanganya pia Kampuni na serikali: kabla ya Julai 1895 mtawala wa Mombasa kwa niaba ya Sultani ni kampuni ya biashara, baada ya hapo ni Himaya. Na wengi watafikiri utumwa ulikoma pwani pamoja na mkataba wa Barghash wa 1873. Mkataba ule ulifunga soko na usafirishaji wa baharini. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja 1897 na pwani ya Kenya 1907, yaani reli ilipita kwenye ukanda ambao bado ulikuwa na watumwa kisheria.

Taruma50

Na jina nalo litawachanganya. Iliitwa Reli ya Uganda, na walipoanza kuijenga mwisho wake ulikuwa kweli ndani ya Uganda, kwa sababu Kisumu ilikuwa katika jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka 1902 jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na njia yote ikawa nje ya nchi iliyoipa jina. Treni kutoka Mombasa ilifika Kampala 1931.